Diwani, Kodi na Mpangaji: Historia ya Baadhi ya Istilahi za Halmashauri ya Jiji

Katika makala haya tumekusudia kuitazama safari ya maneno machache yatumikayo katika kazi za halmashauri ya jiji: maneno ya kukutania, ya kutoza, ya kugawa na ya kupanga. Tumeichagua Dar es Salaam kuwa mfano wetu, si kwa sababu miji mingine haina historia, bali kwa sababu katika mji huu kila utawala uliopita uliacha maneno yake, na mengi kati ya hayo yangali yakifanya kazi hata leo, mara nyingine kwa maana ambazo walioyaleta wasingezitambua. Wala jambo hili si la kuwafurahisha wapenzi wa lugha peke yao. Sheria tatu za serikali za mitaa za mwaka 1982, yaani ya Mamlaka za Wilaya, ya Mamlaka za Miji, na ya Fedha za Serikali za Mitaa, zilitungwa kwa Kiingereza. Madiwani waliotakiwa kuzitekeleza walijadiliana kwa Kiswahili. Na mwananchi aliyetakiwa kulipa aliliona tangazo ukutani kwa Kiswahili. Kati ya sheria na ukuta alisimama mtafsiri, na neno alilolichagua ndilo lililoamua nani ajione anadaiwa, na nani ajione ana haki ya kuuliza.

Tuanze na diwani mwenyewe. Neno hili asili yake ni Kiajemi, likapitia katika Kiarabu, na maana yake ya kale ni daftari au orodha. Khalifa Umar bin Khattab, katika karne ya 7, alipoanzisha orodha ya askari na malipo yao, orodha hiyo ndiyo iliyoitwa diwani. Baadaye neno likahamia kwenye ofisi inayotunza daftari, kisha kwenye baraza la wakubwa wanaokutana humo. Lilipovuka bahari ya Kati likawa kwa Wafaransa jina la forodha, na kwa mataifa mengine ya Ulaya jina la kiti kirefu cha kupumzikia. Katika pwani yetu, hata hivyo, diwani hakuwa daftari wala kiti bali mtu. Watawala wa Vumba walikuwa na cheo cha diwani, na katika miji ya Mrima, kama vile Bagamoyo na Saadani, madiwani na majumbe walikuwa ndio wakuu wa mji, wenye haki ya kupokea ada kutoka kwa wageni na misafara. Waandishi wa tungo nao walikuwa na diwani yao, yaani mkusanyo wa mashairi, maana ambayo imetujia kwa njia ileile ya daftari.

Hapa pana jambo moja ambalo hatuwezi kulipita bila kulitaja. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alichapisha kitabu chake kiitwacho Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Mtungaji huyohuyo akaja kuwa Mwafrika wa kwanza kushika kiti cha umeya wa Dar es Salaam, kabla ya kuingia katika baraza la mawaziri na kufariki mwaka 1964. Basi mwenye diwani akawa mwenyekiti wa madiwani, na sidhani kama kuna jiji jingine lililopata kuziunganisha maana mbili za neno moja katika mtu mmoja.

Utawala wa Wajerumani, ambao uliuhamishia makao yake makuu Dar es Salaam kutoka Bagamoyo mwaka 1891, haukuwa na haja na madiwani wa kale. Uliwatumia maliwali, maakida na majumbe, watu waliotii amri kutoka bomani. Lakini neno halikufa. Ilipohitajika kupata jina la mjumbe anayechaguliwa na wakazi wa kata ili aseme kwa niaba yao, neno la pwani lilikuwapo, lenye heshima yake na lisilo na doa la ukusanyaji kodi lililowapata akida na jumbe. Tunadhani hiyo ndiyo sababu mojawapo iliyolifanya likubalike upesi, hata nchini Kenya, ambako lilitumika mpaka mabaraza ya miji yalipoondolewa na serikali za kaunti zikashika nafasi yake mwaka 2013. Tangu hapo Wakenya wamekuwa na mwakilishi wadi, na diwani amerudi kwa washairi.

Ama halmashauri na baraza, maneno haya mawili hayana budi kutenganishwa vizuri, kwani watafsiri wengi huyatumia kana kwamba ni pacha. Ndani ya halmashauri tunalisikia neno shauri, lenye mzizi mmoja na shura ya Kiarabu: watu kupeana maoni kabla ya kuamua. Neno shauri lenyewe liliwahi kupata ajali. Wajerumani walilichukua wakaliita kila kikao cha bomani, ambapo bwana mkubwa wa wilaya alisikiliza mashtaka na kutoa amri. Katika kikao hicho aliyeshauriwa alikuwa hana nafasi ya kukataa. Baraza, kwa upande wake, ni kile kibao cha mawe mbele ya nyumba ya Mswahili, mahali ambapo mgeni hupokewa bila kuingizwa ndani. Kwa hiyo halmashauri ni tendo la watu, na baraza ni mahali pa watu. Katika Tanzania Bara matumizi yamefuata njia nyingine: Baraza la Madiwani ndicho kikao cha waliochaguliwa, na halmashauri ndicho chombo kizima pamoja na wataalamu wake. Visiwani Zanzibar husemwa Baraza la Manispaa palepale ambapo Bara ingesemwa Halmashauri ya Manispaa. Lakini msikilizeni mwananchi wa Temeke au wa Ubungo akisema, "Naenda halmashauri." Hana maana kwamba anakwenda kushauriana. Anakwenda kwenye jengo, dirisha la pili, kufuata leseni. Neno la mashauri limekuwa jina la ofisi, na jambo hilo lina historia yake.

Historia hiyo ndiyo ya miaka ya 1970. Mwaka 1972 Serikali ya Tanzania ilitangaza siasa iliyoitwa Madaraka Mikoani, baada ya ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey. Halmashauri za wilaya ziliondolewa, na ilipofika mwaka 1974 halmashauri za miji nazo zilikuwa zimekwisha kufutwa. Dar es Salaam ikabaki bila halmashauri ya jiji, kazi zake zikigawanywa katika wilaya za Ilala, Kinondoni na Temeke chini ya maofisa wa serikali. Tuliangalie jina lenyewe. Kiambishi -ni cha mahali, katika lugha yetu, hakisemi kama kitu kinakwenda huko, kinatoka huko, au kipo huko. "Mikoani" ni mikoani tu. Msikilizaji wa 1972 aliweza kuelewa kwamba madaraka yanakwenda kwa watu wa mikoa. Aliyesoma muundo wenyewe aliona kwamba madaraka yapo mikoani, mikononi mwa maofisa waliopelekwa huko na wizara. Jina halikuwa na uongo. Lilitosha kwa maana zote mbili, na ndiyo maana lilipendwa.

Matokeo yake mjini yanajulikana. Mifereji iliziba, taka zikarundikana, na kipindupindu kilichoenea nchini katika nusu ya pili ya miaka hiyo kiliwakumbusha watu kwamba kuzoa taka na kuzibua mifereji ni kazi inayotaka mwenyewe. Mwaka 1978 ilitungwa sheria ya kuzirudisha halmashauri za miji, na kwa sheria za 1982 mfumo mzima wa serikali za mitaa ukaanza tena mwaka 1984. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alikiri katika mahojiano kwamba kuziondoa serikali za mitaa ni miongoni mwa mambo ambayo asingeyafanya kama angeanza upya. Lakini kwa miaka ile minne jijini ofisi zilikuwa wazi, makarani walikuwapo, na stakabadhi zilikatwa. Kilichokosekana ni mashauri. Watu walizoea kwenda ofisini bila kuwa na diwani wa kumwuliza, na waliporudishiwa madiwani wao, neno lilikuwa limekwisha kuhamia kwenye jengo.

Somo hilo la maana za ugawaji wa madaraka liliacha haja ya istilahi zilizo wazi zaidi, na hapa wanaistilahi wamefanya kazi njema. Leo tunaweza kutofautisha kukasimu na kugatua. Anayekasimu madaraka humpa mtu sehemu ya kazi yake, naye hubaki mwenye nayo, tena aweza kumnyang'anya kesho. Anayegatua huyatoa madaraka yakawa ya mwingine kwa sheria. Tanzania husema ugatuaji na Kenya husema ugatuzi. Tofauti ya mwisho wa neno haitudhuru kitu. Lakini kama mwaka 1972 mtu angelazimika kuchagua baina ya kukasimu na kugatua, huenda mjadala ungekuwa mrefu zaidi.

Kwa kuwa tumeyataja mafungu ya utawala, tuseme neno juu ya jina la mfumo wenyewe. "Serikali za mitaa" ni tafsiri iliyozoeleka, nasi hatupendekezi ibadilishwe. Hata hivyo ina mtego. Mtaa, katika miji ya Waswahili, ni sehemu ya mji yenye watu wake na msikiti wake, kama Mkomani na Langoni kule Lamu. Mkulima wa kijijini hana mtaa, ila anatawaliwa na serikali za mitaa. Zaidi ya hayo, katika miji ya Tanzania Bara mtaa ndiyo ngazi ya chini kabisa, yenye mwenyekiti wake aliyechaguliwa. Kwa hiyo "serikali ya mtaa" katika umoja ni ile ofisi ndogo ya mwenyekiti anayekuandikia barua ya utambulisho, na "serikali za mitaa" katika wingi ni mfumo mzima kuanzia kijiji hadi jiji, pamoja na mabilioni ya shilingi yake. Tumewahi kuona tafsiri ambayo kwa kubadili umoja kuwa wingi ilimpa mwenyekiti wa mtaa mmoja mamlaka ya kukusanya ushuru wa soko. Vilevile na kata: Tanzania Bara kata ndiyo sehemu inayomchagua diwani, Kenya kata ni eneo la chifu, na eneo la uchaguzi ni wadi, Zanzibar chini ya wadi ipo shehia na sheha wake. Mtafsiri afanyaye kazi kwa ajili ya nchi zote aandike neno la mahali panapohusika, wala asijaribu kuyasawazisha.

Sasa tuingie katika fedha, na hapa ndipo palipo na uzito wa makala yetu.

Neno kodi katika Kiswahili lina kazi mbili zisizopatana. Mpangaji humlipa mwenye nyumba kodi. Mwananchi huilipa Serikali kodi. Ya kwanza ni bei ya kukaa katika mali ya mtu, na ya pili ni wajibu uliowekwa kwa sheria. Lugha nyingine zina maneno mawili. Sisi tuna moja, na mchanganyiko huo haukuanza jana. Wajerumani walipoanzisha kodi ya nyumba mwaka 1898, mtu alidaiwa na Serikali kwa sababu ya nyumba aliyoijenga mwenyewe kwa miti na udongo wake. Kwa masikio ya wakati ule, kulipa kodi kwa ajili ya nyumba ni kukiri kwamba nyumba si yako. Chuki iliyoifuata kodi hiyo, na iliyokuwa miongoni mwa sababu za vita vya Maji Maji mwaka 1905, haikutokana na neno, lakini neno halikusaidia kuipunguza. Waingereza wakaongeza kodi ya kichwa. Nyumba ilihesabiwa, sasa na kichwa kikahesabiwa. Miaka mingi baadaye, katika miaka ya 1980, kodi ya kila mtu mzima ilirudishwa kwa jina jipya la kodi ya maendeleo. Wazee wakaendelea kuiita kodi ya kichwa mpaka ilipofutwa mwaka 2003, maana kilichotafutwa na mgambo njiani kilikuwa ni kichwa kilekile.

Wataalamu wa ardhi walijaribu kuiondoa shida hii kwa neno pango, kutokana na kupanga. Pango ni malipo ya kukaa, na kodi ni ya Serikali. Lingekuwa suluhisho zuri kama lingeachwa lisimame peke yake. Lakini katika hati za ardhi limeandikwa "kodi ya pango la ardhi," maneno mawili yaliyotengwa yakafungwa pamoja tena. Kusema kweli, sheria yenyewe ina sehemu ya lawama. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais, na mwenye hati ana haki ya kuitumia tu. Yaani mwenye nyumba ni mpangaji wa umma. Anayelipa pango la ardhi anafanana sana na yule anayemlipa yeye kodi ya chumba.

Jambo hili lilikuja kuonekana wazi mwaka 2021, wakati kodi ya majengo ilipoanza kukatwa katika ununuzi wa umeme wa LUKU, kwa kiasi cha shilingi 1,000 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kodi hiyo kwa asili yake ilikuwa chanzo cha mapato ya halmashauri, na mdaiwa wake ni mwenye jengo. Lakini anayenunua umeme ni anayekaa ndani. Mpangaji akajikuta ametoa kodi kwa mwenye nyumba mwanzo wa mwezi, na kodi ya mwenye nyumba kwa Serikali kila anapoishiwa umeme. Malalamiko yalipotokea, baadhi ya wenye nyumba walijibu kwa neno lilelile: si ni kodi ya nyumba, na wewe ndiwe unayelipa kodi ya nyumba? Tunashauri kwa nguvu kwamba katika matangazo yote ya halmashauri "kodi ya nyumba" isitumike kabisa. Iandikwe kodi ya majengo, na katika sentensi ileile atajwe mdaiwa: mmiliki wa jengo. Neno moja la ziada katika tangazo ni gharama ndogo kuliko ugomvi wa uani.

Maneno mengine ya utozaji hayana matata hayo. Ushuru unatokana na neno la Kiarabu la sehemu ya kumi, ingawa leo hakuna anayeuhusisha na fungu la kumi. Hutozwa bidhaa na mazao. Ada ni malipo ya huduma inayojulikana, na imetoka katika ada ya maana ya desturi, ile waliyopokea madiwani wa Mrima. Tozo lilikuwa neno la kiofisi hadi mwaka 2021, tozo za miamala ya simu zilipolifanya likawa neno la kila kijiwe.

Upande wa matumizi ndio wenye maneno mazuri zaidi, na yafaa yatunzwe. Kwa muda mrefu kitabu cha mwaka cha halmashauri kiliitwa Makadirio ya Mapato na Matumizi. Bajeti, neno lililotoka kwa Wafaransa likiwa na maana ya mkoba mdogo wa ngozi, limekuja kulisukuma pembeni kwa sababu ni fupi. Hatuna ugomvi na bajeti. Ila makadirio yanasema kitu ambacho bajeti haisemi: kwamba tarakimu hizi ni za kukadiria, na mtu anaweza kuuliza mlikadiria kwa kipimo gani. Ndani ya kitabu hicho yapo mafungu, vifungu na kasma. Fungu ni lile tunalolijua sokoni, fungu la nyanya au la dagaa lililopangwa juu ya gunia. Mama wa Kariakoo anajua vizuri kwamba nyanya za fungu hili hazichukuliwi kujazia fungu lile bila mnunuzi kuona. Kasma ni neno la Kiarabu la mgawanyo, ndugu yake kukasimu. Na bakaa ni kile kilichosalia mwaka unapofungwa mwezi Juni. Mwalimu wa hesabu za biashara anaweza kuieleza elimu nzima ya makadirio kwa maneno haya bila kukopa, na wanafunzi watamwelewa kwa kuwa sokoni wamekwisha kuiona.

Neno moja tu katika kundi hili linatutia wasiwasi, nalo ni ruzuku. Mzizi wake ni ule wa riziki. Mwenye kuruzuku, katika dua zetu, ni Mwenyezi Mungu; hakuna anayempelekea Mungu hati ya madai. Neno hili likapewa kazi ya kutaja fedha ambazo Serikali Kuu huzipatia halmashauri. Kadiri halmashauri zilivyopoteza vyanzo vyake, ndivyo neno lilivyozidi kutawala. Kodi ya maendeleo ilipofutwa mwaka 2003, pengo liliahidiwa kuzibwa kwa ruzuku. Sasa, fedha inayofidia kodi iliyofutwa na Bunge si fadhila. Ni haki iliyobadilishwa njia. Lakini diwani anaposimama katika mkutano wa hadhara akasema, "Tunashukuru tumepata ruzuku," wananchi hupiga makofi kama watu walioletewa mvua, na ikichelewa husubiri vilevile kama wanaosubiri mvua. Tunaona pangekuwa na faida kutenganisha: fedha ya fidia iitwe fidia, mgawo wa kisheria uitwe mgawo, na ruzuku ibaki kwa ile inayotolewa kwa hiari kweli. Wapo watakaosema hii ni kazi ya wachumi na si ya wanalugha. Wachumi wameletewa maneno na sisi.

Kuhusu mipango ya mji, tumekwisha kuligusa neno kupanga, na sasa tulimalize. Kupanga ni kuweka vitu katika safu. Kupanga pia ni kukaa katika nyumba ya mtu kwa malipo. Ndiyo maana mtaalamu wa ramani za mji hakuweza kuitwa mpangaji. "Mpangaji wa mji" angesikika kama mtu aliyekodi mji mzima. Lugha ikatafuta njia nyingine: mipango miji ikawa jina la taaluma, na mwenye taaluma akawa afisa mipango miji. Muundo wa "mipango miji," bila kiunganishi, uliwakera walimu wa sarufi kwa muda, lakini umekwisha kuota mizizi na hauna madhara.

Dar es Salaam imepangiwa mara nyingi. Baada ya utawala wa Wajerumani, Waingereza waliugawa mji katika kanda tatu: ya kwanza ya majengo ya Kizungu, ya pili ya biashara na makazi, ambayo kwa kweli ilikuwa ya Wahindi, na ya tatu ya nyumba za Waafrika, Kariakoo, na katikati yao uwanja wa wazi wa Mnazi Mmoja. Wakazi hawakuhitaji tarakimu. Walisema Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, nao walikuwa wakweli kuliko sheria. Mwaka 1949, mji ulipopata hadhi ya manispaa, ulikuja mpango wa kampuni ya Sir Alexander Gibb, na mwaka 1968 na 1979 ikafuata mipango ya makampuni ya Kanada. Mipango hii ilikuja kuitwa kwa Kiswahili mipango kabambe. Kabambe ni neno la sifa, afaalo kuitwa hivyo ni shujaa au mchezaji aliyekwisha kushinda. Tunaliona si la haki kwa mpango ambao bado haujapambana na mvua ya kwanza. Mpango mkuu ungetosha.

Baada ya vita vya pili vya dunia majina ya rangi yaliondolewa katika ramani, na badala yake maeneo yakapewa majina ya ujazo: mdogo, wa kati, na mkubwa. Viwanja vipana vya Oysterbay vikawa vya ujazo mdogo, na vile vya Magomeni vya ujazo mkubwa. Istilahi hii imewapoteza watu wengi. Mnunuzi asikiaye "kiwanja cha ujazo mkubwa" hudhani anapata kiwanja kikubwa, kumbe ujazo ni wa watu katika eneo, na kiwanja chake ni kidogo kuliko vyote. Anayeuza hana haraka ya kumsahihisha. Ni afadhali kuandika eneo kwa mita za mraba, au kusema waziwazi viwanja vidogo, vya kati na vikubwa.

Mji wenyewe haukungoja ramani. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilikuta wakazi zaidi ya 270,000. Ile ya 2012 ilikuta watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam, na ya 2022 watu 5,383,728. Sehemu kubwa ya wakazi hao walijenga mahali ambapo hapakuwa na kiwanja kilichopimwa. Waitweje makazi yao? Kwa miaka mingi tumesema makazi holela. Mengine yanayosikika ni makazi yasiyo rasmi na makazi yasiyopimwa. Maneno haya si sawa hata kidogo. Holela ni lawama kwa aliyejenga: kajenga ovyo, bila mpango. Yasiyo rasmi ni lawama kwa nyumba, kana kwamba imekosa cheti cha kuzaliwa. Yasiyopimwa, kwa kauli yake ya kutendwa, inamwuliza msomaji swali: nani hakupima? Halmashauri iliyotakiwa kupima viwanja na haikupima imo katika kitenzi hicho, ijapokuwa haikutajwa. Mwaka 1972 Serikali ilipoacha kuvunja nyumba na kuanza kuboresha maeneo kama Manzese, ilikuwa imekubali kwa vitendo maana hiyo ya tatu. Lugha ya barua za kiofisi ilichelewa, na hata mradi wa viwanja 20,000 ulipoanzishwa jijini mwaka 2002, bado ilizoeleka kuandika holela. Mtafsiri wa notisi ya kubomoa na apime neno lake, kwa sababu hakimu naye atalisoma.

Kwa taka tutapita haraka, ingawa harufu yake ni kubwa. "Taka ngumu" ni tafsiri ya neno kwa neno, nayo imewafanya wanafunzi wengi kuwauliza walimu wao kama ganda la ndizi mbivu ni gumu. Si gumu. Maana iliyokusudiwa ni taka zisizo za majimaji, na kwa kuwa maji taka yana jina lake, takataka zingebaki takataka bila hasara yoyote. Dampo limekwisha kushinda, lakini jalala lingali hai, na tofauti yao inafaa ilindwe: jalala ni la mtaa, dampo ni la halmashauri.

Imebaki jiji. Hili ni zao la sarufi yetu wenyewe: mji ukikuzwa kwa ngeli ya ukubwa huwa jiji. Dar es Salaam ilipewa hadhi hiyo Desemba 1961. Mwaka 1996 halmashauri yake ilivunjwa ikawekwa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, na jina hilo lilikuwa sahihi, maana tume hutokana na kutuma, na wajumbe wale walitumwa na Serikali, hawakuchaguliwa. Mwaka 2000 zikaundwa manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke pamoja na halmashauri ya jiji juu yao. Baadaye zikaongezwa Ubungo na Kigamboni. Februari 2021 halmashauri ile ya juu ilivunjwa, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Tangu hapo mkazi wa Mbagala anaishi Dar es Salaam, lakini kwa mujibu wa mamlaka za miji haishi katika Jiji la Dar es Salaam. Yeye ni wa Manispaa ya Temeke. Anayetafsiri hati, ramani au kitabu cha makadirio chenye jina hilo atazame kwanza tarehe: kabla ya Februari 2021 kilichotajwa ni chombo cha mji wote, na baada yake ni Ilala ya zamani, ambayo madeni na mapato yake ni ya eneo hilo tu. Katika kazi zetu tumeona ni salama kuandika mwaka kando ya jina, na pale hati inapohusu mji mzima, kuandika "mkoa wa Dar es Salaam."